Kelele na Moto: Alamu ya Pikipiki Inalinda Nini?

Kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo, Dar es Salaam, au ya Kirinyaga Road, Nairobi, alamu ya pikipiki huuzwa ndani ya boksi dogo la kadibodi. Humo mna king'ora kinachofanana na tarumbeta fupi, kidude cheusi cha plastiki kilichozibwa pande zote, rimoti mbili, na tita la nyaya za rangi mbalimbali. Muuzaji akitaka kumshawishi mteja hubonyeza rimoti, king'ora kikalia mpaka watu wa duka la jirani wakageuza shingo. Hapo biashara imekwisha: mteja amesikia kelele, ameridhika, analipa. Lakini kelele ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kazi ya alamu. Kinachomzuia mwizi kuondoka na pikipiki ni nyaya moja au mbili katika tita lile, ambazo muuzaji mara nyingi hata hazitaji, zinazokata moto wa injini. Na nyaya hizo hazina faida mpaka fundi azifunge mahali panapostahili. Anayechagua alamu kwa masikio, kisha akamwachia fundi yeyote aifunge kwa nusu saa, amenunua honi ya pili.

Hili si jambo dogo, kwa sababu pikipiki kwetu si chombo cha anasa. Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki zisizozidi sisi 250 mwaka 2008, na Tanzania ilipotoa kanuni za kuzipa leseni pikipiki na bajaji za kubeba abiria mwaka 2010, chombo hiki kiligeuka kuwa ajira ya kijana, mtaji wa mama anayemiliki moja na kumkabidhi dereva alete hesabu kila jioni, na dhamana ya mkopo. Walio wengi wameikatia pikipiki bima ya mtu wa tatu, kwa kuwa ndiyo sheria inayoidai. Bima hiyo humlipa aliyegongwa. Hailipi hata senti pikipiki ikiibwa. Dereva aliyeichukua kwa mkataba, akabakiza miezi minne aimiliki, akiibiwa usiku mmoja hukosa vyote: chombo, kazi ya kesho, na fedha alizokwisha kulipa. Deni lenyewe haliibwi. Kwa hiyo swali la alamu gani, na ifungwe vipi, linastahili kufikiriwa kwa makini kama tunavyofikiria ukubwa wa injini au ulaji wake wa mafuta.

La kwanza ni kujua tunazuia wizi wa aina gani, maana neno moja linafunika matendo yasiyofanana. Kuna pikipiki inayoachwa nje ya duka, kanisa au msikiti kwa dakika kumi, mtu akaiwasha na kupotea nayo. Kuna inayolala uani au barazani, ikachukuliwa usiku wa manane. Kuna inayoinuliwa mzimamzima na kupakiwa kwenye kirikuu, maana pikipiki ya kawaida ya biashara ina uzito wa kilo 110 hivi, na wanaume watatu hawashindwi nayo. Kuna abiria wawili wanaokodi safari ya mwisho kuelekea vichochoroni, kisha wakamkaba dereva. Na kuna deiwaka aliyepewa chombo kwa siku moja asirudi nacho. Alamu ina la kusema katika aina mbili za mwanzo. Katika ya tatu ina la kusema kidogo. Katika mbili za mwisho haina la kusema, na mara nyingine ni hatari, kama tutakavyoona. Muuzaji anayeahidi kwamba boksi lake linatibu yote matano anauza matumaini.

Tuitazame kelele yenyewe kwanza, kwa sababu ndiyo inayouzwa. Ving'ora vingi huandikwa kwamba vina desibeli 120 au zaidi. Tuseme kimoja kina 115 kweli, kikipimwa umbali wa mita 1. Sauti mahali pa wazi hupungua kwa desibeli 6 hivi kila umbali unapoongezeka maradufu, hivyo mita 10 zitabaki 95, na mita 100 zitabaki 75, ambayo ni sawa na kelele ya barabara yenye magari mengi. Hapo bado ukuta wa tofali, pangaboi na mvua juu ya bati havijachukua sehemu yake. Mwenye pikipiki anayelala chumba cha nyuma, au aliye ghorofa ya nne akifuatilia karatasi ofisini, hana hakika ya kuisikia. Wanaoisikia ni wapita njia, na hao hawajui ni ya nani. Zaidi ya hapo, alamu ya bei rahisi hupima mtikisiko peke yake. Lori likipita, paka akiruka juu ya siti, ngurumo ya radi ikipiga, italia. Wiki ya kwanza majirani hutoka nje. Wiki ya tatu wanalaani. Mwezi wa pili hawaisikii tena, na mwenyewe ameanza kuiacha bila kuitega ili asiwaudhi watu. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na mwizi aliyezoea kazi ndiye ng'ombe huyo: anajua ana dakika mbili za kulia kabla mtu hajafunua pazia, na dakika mbili zinamtosha ikiwa injini inawaka.

Atakuwapo wa kupinga, na ana haki: mtaani kwetu kelele ina nguvu ambayo haipo kwingine. Kijiwe cha bodaboda kikisikia king'ora cha mwenzao, watu kumi wanasimama. Ni kweli, na kwa pikipiki inayoegeshwa kijiweni mchana hoja hii inatosha kuihalalisha alamu ya kulia tu. Lakini ichunguzwe vizuri: kinacholinda hapo ni watu kumi, na kelele ni ya kuwaita. Pale wasipokuwapo, usiku au mtaa wa mbali, mwito hauna wa kuuitikia. Pia umati ulioitwa na king'ora umewahi kuwapiga watu wasio na hatia, fundi anayejaribu chombo au ndugu aliyetumwa kukichukua. Hilo pekee linatosha kututaka tusiuone umati kuwa sehemu ya mtambo.

Ushahidi mkubwa kuhusu kukata moto unatoka kwenye magari. Nchi za Umoja wa Ulaya zilitaka kila gari dogo jipya liwe na kizuizi cha kielektroniki cha injini kuanzia mwaka 1998. Wachumi wawili wa Uholanzi, Jan van Ours na Ben Vollaard, walipochunguza takwimu za nchi yao walikuta kizuizi hicho kimepunguza wizi wa magari kwa takriban asilimia 40 katika miaka ya 1995 hadi 2008. Marekani ilipita njia nyingine; magari mengi ya Hyundai na Kia yaliuzwa huko bila kizuizi hicho, na vijana wakafundishana mtandaoni jinsi ya kuyawasha. Kampuni hizo zilipotoa programu ya kurekebisha kasoro hiyo mwaka 2023, ziliongeza muda wa alamu kulia kutoka sekunde 30 hadi dakika 1, lakini hazikuishia hapo: ziliweka pia sharti kwamba ufunguo uwe ndani ya swichi ndipo gari liwake. Hata anayetengeneza gari anajua kwamba kelele peke yake haifungi mlango huo.

Sasa turudi kwenye pikipiki, tupige magoti kando yake kama fundi. Boxer, TVS, na zile za Kichina zinazotubeba kila siku nyingi huwashwa na kiboksi kiitwacho CDI, kilichofichwa chini ya tanki au siti. CDI huhifadhi umeme na kuuachia kwa ghafla kwenye koili, koili ikaupandisha, plagi ikatoa cheche. Swali linaloamua kila kitu ni hili: CDI inakula umeme wa nani? Kuna inayokula umeme wa betri kupitia swichi ya ufunguo. Ufunguo ukizimwa, umeme unakatika, injini haina moto. Kuna nyingine inayokula umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili za ndani ya injini, zile zinazozungukwa na sumaku. Hii haihitaji betri kabisa. Ili izimike, swichi ya ufunguo hufanya kinyume cha tunavyodhani: haikati waya, bali inauunganisha waya wa kuzimia na bodi, ndiyo tunayoiita ethi, na moto unapotelea huko. Katika pikipiki nyingi za Kichina waya huo ni mweusi wenye mstari mweupe, ingawa rangi si sheria na fundi makini hupima kabla ya kuamini. Maana yake kwa mwizi ni nzito. Kwenye pikipiki ya aina hii hahitaji ufunguo wala ujuzi wa umeme. Anachomoa soketi ya swichi iliyo nyuma ya taa ya mbele, waya wa kuzimia unabaki hewani bila ethi, anapiga kiki, inawaka. Kazi ya nusu dakika.

Alamu nyingi huja na maelekezo ya kukata waya wa umeme unaotoka kwenye swichi. Kwa pikipiki ya aina ya kwanza hilo lina maana. Kwa ya aina ya pili ni bure kabisa: taa hazitawaka, honi haitalia, lakini injini itanguruma vizuri, kwa kuwa haikuwahi kuhitaji waya ule. Hapa ndipo fedha nyingi za watu hupotea bila wao kujua, maana alamu inalia, rimoti inafanya kazi, na pikipiki inaibwa. Namna ya kujua uko upande gani ni rahisi na haihitaji kifaa: chomoa betri, washa ufunguo, piga kiki. Ikiwaka bila betri, CDI yako inalishwa na injini, na alamu lazima ifungwe kwa mujibu wa hilo.

Ifungwe wapi, basi? Wengi huunganisha alamu na ule waya wa kuzimia. Inafanya kazi mpaka mwizi aufuate waya hadi kwenye CDI na kuukata hapo. Akiukata, alamu haina tena njia ya kuzima. Mahali pazuri zaidi, kwa maoni yangu, ni waya mwembamba wa kihisi kinachoiambia CDI ni wakati gani wa kutoa cheche, mafundi wengine huuita waya wa palsa. Bila ishara hiyo CDI haitoi moto, iwe inalishwa na betri au na injini, na mtu akiukata waya huo kwa pupa anakuwa amemsaidia mwenye mali. Ishara yake ni dhaifu, kwa hiyo kiungo kibovu kitaleta kukohoa na kuzimikazimika kwa injini, hasa mvua ikinyesha. Ndiyo sababu kiungo cha kusokota waya kwa vidole na kuviringisha selotepu hakifai hapa. Kinatakiwa kulehemiwa kwa risasi, kuvishwa kimpira kinachobana kwa joto, na kufungwa ndani ya tita la nyaya za kiwandani ili jicho lisikitambue.

Pana uamuzi mwingine ambao mteja huwa haulizwi, nao unahusu usalama wake barabarani. Rilei, ile swichi ya umeme ya alamu inayokata moto, inaweza kufungwa kwa namna mbili. Ya kwanza, injini inaruhusiwa kuwaka pale tu alamu inapotoa umeme. Alamu ikiharibika, injini inazima. Ya pili, injini inawaka kama kawaida, na alamu hutumia umeme kuizuia. Alamu ikifa, pikipiki inaendelea. Ya kwanza ni ngumu zaidi kwa mwizi, kwani akichomoa betri au kuikata alamu hapati kitu. Lakini tufikirie pikipiki ikipita lori kwenye mteremko wa Kitonga na abiria nyuma, kisha kidude cha plastiki kilichoingia maji kikaamua kukata moto. Kwa chombo kinachobeba watu ningechagua ya pili bila kusita, nikakubali udhaifu wake, na kuuziba kwa njia nyingine. Njia hiyo ipo na ni ya bei ya chini: swichi ya siri, kitufe kidogo kilichofichwa kinachokata ule waya wa kihisi kwa mkono. Haili betri, haina rimoti ya kupotea, haina saketi ya kuingia maji. Madereva wengi wanaitumia tangu zamani, na wanaodhani ni ushamba mbele ya alamu ya kisasa wanakosea. Ukiniambia nichague kimoja tu kati ya king'ora cha desibeli 120 na swichi ya siri iliyofichwa vizuri, nitachagua swichi.

Kuhusu betri, malalamiko ni ya kweli na hesabu yake ni fupi. Betri za pikipiki hizi ni za volti 12, na nyingi ni ndogo. Chukua yenye ampea-saa 5, na alamu inayokula miliampea 10 ikiwa imetegwa: kwa siku ni ampea-saa 0.24, na siku 21 hivi zinaimaliza kabisa. Pikipiki inayofanya kazi kila siku haitaona tofauti. Inayoachwa na mwenyewe akisafiri kwa wiki mbili, yenye betri iliyochoka iliyobaki na nusu ya uwezo, itakuwa imekauka, na alamu imekufa nayo. Muulize muuzaji ulaji huo. Asipojua, fundi mwenye mita ataupima kwa dakika moja. Rimoti nayo ina siri yake. Za bei rahisi hutuma msimbo uleule kila unapobonyeza, na rimoti za kunakili zinazouzwa kwa ajili ya mageti zinaweza kuudaka. Zilizo bora hubadilisha msimbo kila mara. Kati ya alamu mbili zinazolingana kwa mengine yote, hiyo ndiyo tofauti inayostahili kulipiwa.

Wapo watakaosema mjadala huu umepitwa na wakati kwa kuwa kuna GPS: weka kifaa, fungua simu, uone pikipiki ilipo. Hoja ina uzito. Mwaka 1998 Ian Ayres na Steven Levitt walichapisha uchunguzi kuhusu LoJack, kifaa cha redio kilichofichwa kwenye magari ya Marekani bila alama yoyote ya nje, wakaonyesha kwamba kilipoenea mjini wizi wa magari ulipungua hata kwa wasiokuwa nacho, kwa sababu mwizi hakujua lipi linalo. Lakini kifaa cha kufuatilia huanza kazi wizi ukishatokea. Kinahitaji laini yenye bando, mtandao, na umeme; kikiingizwa ndani ya kontena au stoo ya mabati, setilaiti hazikioni. Na pikipiki ni nyepesi kufumuliwa: injini, ringi na tanki vinaweza kwenda njia tatu tofauti kabla asubuhi haijafika. GPS ni nyongeza njema juu ya kukata moto, hasa kwa tajiri anayemkabidhi mtu chombo, kwani dhidi ya deiwaka asiyerudi ndiyo dawa pekee iliyopo katika orodha yetu. Jambo moja la kuangalia: pikipiki za mkopo mara nyingi huja na kifaa hiki kimefungwa na mkopeshaji. Fundi wa alamu akikigusa, mteja anaweza kuonekana amevunja mkataba. Muulize mkopeshaji kabla waya haujakatwa.

Linabaki suala la kukabwa, na hapa sina lugha ya katikati. Zipo alamu zenye kitufe cha kuzima injini kwa mbali baada ya dereva kunyang'anywa. Ikizima mita hamsini mbele, watu wenye panga wanajua dereva yuko nyuma yao na kwamba kitufe ni chake. Ikizima kwa kasi kwenye barabara kuu, atakayekufa anaweza kuwa mtembea kwa miguu. Kipengele hicho kikiwapo, kiwekwe ili injini isiwake tena baada ya kusimama, wala si kuikatisha ikienda, na kitumiwe dereva akiwa amefika mahali salama penye watu. Rimoti isitundikwe kwenye ufunguo unaobaki ndani ya swichi. Mengine yote ya aina hii ya wizi yako nje ya alamu: taa za barabarani, kijiwe kinachoandika nani amempakia nani na kwenda wapi, dereva anayekataa safari asiyoipenda. Kijana asiambiwe kwamba king'ora kimemkinga, akaingia gizani kwa kujiamini.

Dhidi ya kuinuliwa na kupakiwa, jibu ni chuma. Makufuli ya diski yenye king'ora ndani, yanayosifiwa sana Ulaya, hayana pa kukaa kwenye pikipiki zetu nyingi za biashara, kwa sababu zina breki za dramu mbele na nyuma. Kinachofaa ni mnyororo mnene upite ndani ya ringi ya nyuma na kuikumbatia fremu, kisha ufungwe kwenye nguzo au kitanzi cha nondo kilichozikwa kwenye zege la baraza. Mnyororo unaofunga gurudumu peke yake hauwazuii watu watatu wenye gari.

Kisha ni fundi. Wengine huogopa kwamba yule anayeifunga alamu ndiye atakayejua ilipofichwa, na hofu hiyo haiondolewi kwa kumdharau. Inapunguzwa kwa kumchagua mwenye kibanda kinachojulikana, kusimama naye mwanzo hadi mwisho, kuhakikisha unapewa rimoti zote mbili, na swichi ya siri kuihamisha mwenyewe sehemu nyingine baadaye. Ni nyaya mbili tu. Alamu ikae juu, mbali na joto la injini na maji ya tope, mdomo wa king'ora ukitazama chini. Fyuzi iwepo karibu na betri. Kazi ikiisha, usilipe kwa kusikia mlio. Itege alamu, ufunguo ukiwa mfukoni mwako, umwambie fundi achomoe soketi ya swichi nyuma ya taa ya mbele na apige kiki mara kumi. Kisha zima swichi ya siri, naye achomoe betri, apige tena. Iwapo katika jaribio lolote kati ya hayo injini itawaka, boksi lifunguliwe upya na kazi ianze tena palepale, nyaya zikiwa bado wazi.